Wivine Anaomba Njia

Ukiuliza pale biro, yaani ofisini, nani alijenga programu ya maghala, kila mtu atakujibu ni Wivine, na hakuna atakayelitaja jina hilo kwa wivu. Alikuwa mfanyakazi wa kwanza wa Papa Kataliko, tangu enzi ambazo kampuni nzima ilikuwa chumba kimoja nyuma ya depo ya sukari, kompyuta ikiwa imekaa juu ya katoni. Leo programu ile inahesabu saruji, sabuni na mafuta ya kula katika depo za Lubumbashi, na Kipushi, na hadi Kasenga kwa wauza samaki. Wivine akipita mahali akakuta kijana wa depo anaifungua, husimama kidogo kuitazama, kama mama anayepita mbele ya shule ya mtoto wake.

Sasa mtu kama huyo anaanzaje kuamka asubuhi hataki hata kuvaa viatu? Ndiyo habari yenyewe. Tulia nikuambie.

Kwanza umjue Papa Kataliko. Ni mtu wa Butembo, familia ya biashara ya jumla na magari makubwa, mtu wa sala, mnene, mwenye sauti ya chini. Baba mzazi wa Wivine alikuwa mzee wa reli kutoka Kabalo, na alifariki wakati harusi ya binti yake ilikuwa imeshapangwa. Wajomba walikuwa mbali, barabara mbovu, hakuna aliyefika. Basi nani alikaa kwenye kiti cha baba siku wakwe walipokuja? Papa Kataliko. Nani alimshika mkono hadi altareni, yeye ambaye hata si Mkatoliki? Papa Kataliko. Mke wake, Mama Céline, ndiye alimfunga Wivine kitambaa kichwani. Toka siku ile alimwita binti, naye akamwita baba, na hayakuwa maneno ya mdomoni tu.

Na kazi ilikuwa tamu, wee! Umeme ukikatika walitoka wote kukaa kwenye ngazi wakipiga hadithi mpaka jenereta iwashwe. Kila Ijumaa mchana Papa Kataliko alinunua bukari, ugali wa kwetu, ya watu wote, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki, wakanawa mikono kwenye beseni moja, patron mwenye kampuni na mfagiaji sawasawa. "Hapa hakuna patron," alikuwa anasema huku akimega tonge. "Hapa kuna baba na batoto." Watu walicheka, wakala, wakarudi kazini wameshiba, na kazi ilikwenda.

Kisha akaja Djo.

Djo ni mtoto wa dada yake Papa Kataliko. Alikaa miaka Afrika Kusini, akarudi na viatu vyenye ncha na programu moja inayoitwa Jicho. Jicho linakaa ndani ya kompyuta ya kila mfanyakazi na kupiga picha ya kioo chake bila kubisha hodi. Vidole vikitulia, jina lako linakuwa jekundu. Ukienda chooni, jekundu. Ukifikiri, jekundu, na niambie, mtu wa programu afanye kazi gani bila kufikiri? Umeme wa mtaa ukikatika, majina yote yanakuwa mekundu kwa pamoja, na Djo anasema mashine haidanganyi.

Watu wakaanza kufanya kazi ya kuonekana wanafanya kazi. Sephora, dada anayepokea simu za wateja, alifungua ukurasa mtupu akawa anaandika rozari, Salamu Maria moja baada ya nyingine, ili vidole visitulie. Hénoc, anayezunguka kwenye depo kutengeneza mashine zilizokwama, aliacha kuzunguka, maana aliyeko njiani hagusi kompyuta. Wateja wanapiga simu, programu imeganda, magari yanasubiri kupakia. Pale biro hakuna anayeinuka. Wivine aliiona programu yake inaoza kama paa lisilozibwa.

Lakini kilichomchoma zaidi ni Ijumaa. Djo alifanya Ijumaa kuwa mahakama. Bukari iko mezani, moshi unapanda, na kabla ya kunawa anasoma majina mekundu ya wiki. Kila aliyesomwa anasimama, anaomba msamaha kwa "famille", halafu ndipo watu wanakula. Kula unakula, si umekaribishwa? Chakula cha mzazi hakikataliwi. Lakini jaribu wewe kumeza tonge baada ya kuomba msamaha kwa kosa la kwenda chooni. Papa Kataliko alikaa pale kichwa cha meza, macho chini, akisikiliza kama anayesikiliza masomo ya kanisa.

Na mshahara, kabla hujauliza, ulikuwa unaingia bila shida. Ndiyo maana hakuna nje aliyewasikitikia. Ukilalamika nyumbani, unaambiwa mshukuru Mungu.

Ndipo likaja neno la Kipushi. Kampuni moja inayopanga magari ya mgodi ilikuwa inatafuta mtu wa kuwajengea programu. Madame Deborah, mkuu wao, aliongea na Wivine kwa simu, akapenda alichosikia, akasema nafasi ni yake, wanangoja tu neno lake Jumatatu. Wivine aliposhusha simu alijikuta analia peke yake jikoni. Ilikuwa furaha. Alikuwa amesahau inavyokuwa.

Mume wake, Liévin, ni mwalimu wa sekondari, mtu wa mambo mafupi. "Basi andikia muzee message," alisema. "'Aksanti kwa yote, minaenda.' Njo imeisha."

"Message? Kwa muntu alikaa pa kiti ya baba yangu?" Wivine alimtolea macho. "Mi sikukomalea vile, Liévin. Mutoto hatoke mu nyumba ya baba sawa mwizi. Analomba njia."

"Na akikunyima?"

"Baba gani ananyima mutoto njia?"

Liévin ni mtu mwenye akili, lakini na yeye amekulia Katanga. Alijua mke wake anasema haki. Mgeni tu akitaka kuondoka anaomba njia, sembuse mtoto.

Wenzake Wivine kazini walisikia. Siri ya biro haikai; kuta zenyewe zina midomo. Alhamisi Sephora alimvuta mkono hadi nyuma, kwenye jenereta, mahali pekee ambapo kelele inazuia Djo asisikie. Hénoc alikuwa pale, macho mekundu. Mke wake alikuwa amejifungua kwa upasuaji wiki ile, naye alikimbia hospitali bila kungoja ruhusa.

"Ya Wivine," alianza Sephora, kwa lile jina la heshima la dada mkubwa, "tunasikia unaenda. Mungu akubariki. Lakini usituache hivi. Mbele ya kulomba njia yako, utusemee."

"Kwa nini mi?"

"Juu weye njo mutoto yake! Tukisema shiye, atasema tunamutukana. Ukisema weye, ni mutoto anaongea na baba. Hata kukasirika hawezi."

"Kidole kimoja hakiui chawa," alisema Wivine.

"Tutasimama bote," alisema Hénoc. "Mi njo nitakuwa wa kwanza. Unasikia? Ukisimama, unasikia viti nyuma yako."

Masikini, walifikiri wamepanga vizuri. Ndivyo tulivyofundishwa wote: jambo zito usilibebe mwenyewe hadi kwa mkubwa, tafuta mtu wa nyumba, apite mlango wa ndani. Hakuna aliyewaza kwamba mtu wa nyumba ndiye mwenye kamba fupi kuliko wote. Wivine naye hakuwaza. Alikubali, na kusema kweli alijisikia mkubwa kidogo.

Ijumaa ikafika. Mama Céline mwenyewe alikuwa amekuja, maana siku zingine hupenda kuleta sombe yake ya nyumbani. Sala ikasaliwa. Djo akafungua simu yake, akasoma. Jina la kwanza lilikuwa la Hénoc.

Hénoc akasimama. "Ninaomba msamaha kwa famille," alisema, na sauti ikakatika. "Mke wangu alikuwa ku operesheni."

"Sababu siyo kazi," alisema Djo.

Wivine hakungoja jina la pili. Alisimama, akapiga makofi yale ya chini, mikono imekunjwa, kama alivyofundishwa na bibi yake kule Kabalo mtu akitaka kusema mbele ya wakubwa. Papa Kataliko akainua macho.

"Baba, unipe sauti."

"Sema, binti."

Akasema. Ee Mungu, alisema! Alisema bukari imekuwa chungu. Alisema watu wazima wenye watoto wanaomba ruhusa ya kwenda chooni. Alisema wateja wanaachwa kwenye mataa kwa sababu aliyewasaidia anakuwa mwekundu na aliyeandika upuuzi anakuwa kijani. "Baba ulituambia hapa kuna baba na batoto. Mutoto gani anapigwa picha na baba yake kila saa, sawa mwizi? Hénoc amepata mutoto, baba. Mutoto! Hapana hata muntu mumoja amemupa pongezi."

Alitega sikio asikie viti. Hakikusikika hata kimoja. Akageuza kichwa kidogo: Sephora alikuwa anaitazama sahani yake kana kwamba ameona nywele ndani yake. Hénoc, ambaye tayari alikuwa amesimama, alikuwa anakaa polepole.

Hasira ilimpanda Wivine hadi masikioni, lakini hakupata muda wa kuitumia, kwa sababu Papa Kataliko alikuwa analia. Machozi ya kweli yalikuwa yanashuka kwenye yale mashavu makubwa.

"Mutoto wangu amesema kweli," alisema. Akamgeukia Djo. "Nilikuambia nini, Djo? Nilikuambia bantu siyo magari. Funga ile simu."

Djo akafunga. Mtu mmoja akapumua kwa nguvu. Hapo, kwa dakika chache, Wivine aliuona mlango uko wazi kabisa, na ndipo akaukimbilia. Alipiga makofi tena.

"Aksanti, baba. Basi iko na ingine. Minaomba njia." Na kwa kuwa anayeomba njia husema anakokwenda, alisema: kampuni ya magari, Kipushi, kwa Madame Deborah, wanangoja neno Jumatatu. "Umenikomalisha. Unibariki, niende."

Papa Kataliko alimpungia mkono Mama Céline, akamnong'oneza. Mama Céline alitoka nje kwenye gari. Watu walitazamana. Bukari ilikuwa inapoa, na mtu wa jenereta alichungulia dirishani akaondoka. Mama Céline akarudi na kitenge kipya, bado kimekunjwa kama kilivyotoka dukani, kile alichokuwa amejinunulia mwenyewe asubuhi ile.

"Sikiliza, binti," alisema Papa Kataliko, akisimama. "Mutoto hatoke mu nyumba juu nyumba iko buchafu. Anabakia, anaisafisha. Djo ataenda ku magari yangu. Kuanzia leo, chef, mukubwa wa hii bureau, ni weye." Akawageukia wote. "Munasikia? Mulikuwa munalia hamuna mama. Haya, mama huyu!"

Mama Céline alipiga vigelegele. Wengine wakapiga makofi, kwanza wachache, halafu wote, Sephora kwa nguvu zaidi ya wote, maana aliyenyamaza ndiye hushangilia sana. Kitenge kikafunuliwa, kikamzunguka Wivine kiunoni. Papa Kataliko alikuwa amenyoosha mikono miwili, na ndani ya mikono hiyo kulikuwa na funguo za ile biro ya vioo ya Djo.

Kichwa cha Wivine kilisema hapana. Nakuapia, kilisema hapana kwa sauti kubwa. Lakini magoti yalikuwa yameshakunjwa. Mzazi amenyoosha mikono, mama amekufunga kitenge, watu wanakutazama: ukikataa hapo, umemvua nguo baba yako hadharani, na habari itafika Kabalo kabla ya wewe kufika nyumbani. Alipokea kwa mikono miwili, akasema aksanti. Kisha wakanawa, wakala.

Ilikuwa wakati wa kunawa tena, baada ya chakula, Papa Kataliko alipoinama sikioni mwake. "Jicho litabakia," alisema kwa upole. "Bateja wakubwa banapenda kusikia tuko nalo. Lakini sasa litakuwa mu mikono ya muntu wa huruma. Ni bora, ao?" Akampigapiga begani, na mkono wake ulikuwa bado na maji.

Liévin alimkuta jioni amekaa kitandani na kitenge bado kiunoni.

"Ulikubali?"

"Sikukubali. Nilipokea."

"Kuko tofauti gani?"

Wivine alianza kukifungua kitenge. "Jumatatu nitapiga simu Kipushi," alisema. "Nitabaambia nakuja. Baba atakasirika, kisha atasamehe. Baba banasamehe." Usiku ule alilala vizuri kwa sababu alikuwa na hilo neno la kushika. Jumapili kanisani aliimba hadi Liévin akamwangalia.

Jumatatu alifika mapema. Sephora, ambaye tangu aanze kazi hakuwahi kumwita jina lingine ila Ya Wivine, alisimama aliposikia mlango. "Bonjour, Chef."

"Sephora, ni miye."

"Ndiyo, Chef."

Hénoc alikuwa anachomeka nyaya. Wivine alimuuliza mtoto amelalaje. "Yuko muzuri, Chef," alisema, akainama zaidi chini ya meza. Zamani angemwonyesha picha, tena picha kumi zinazofanana.

Aliingia kwenye biro ya vioo. Djo alikuwa ameacha mashine imewashwa, na kwenye kioo kikubwa vilipangwa vioo vidogo vya kila mtu, kimoja kimoja. Alitafuta mahali pa kulizima Jicho. Lilimwomba neno la siri ambalo hakupewa. Alijaribu njia zake, na yeye si mtoto katika kazi hii, lakini mlango ule ulikuwa umefungwa kwa nje. Huku akijaribu, picha zilikuwa zinajibadilisha. Ukurasa wa Sephora ulikuwa unajaa maneno, safari hii si rozari. Alikuwa anamwandikia Hénoc: "Alituuza kwa kitenge. Usiandike sana, anatuona."

Wivine aligeuza macho haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu ndani. Alitaka kutoka kupiga kelele kwamba hapana, kwamba yeye peke yake ndiye alisimama, kwamba viti vyao havikulia. Lakini angesema amejuaje? Angesema ameona. Alikaa.

Akafunga mlango wa vioo, akatoa simu, akapiga Kipushi. Nje walimwona anapiga; wakainamisha vichwa, vidole mbio. Alikuwa ameshapanga maneno: nakuja, hata kesho mkitaka.

"Ah, Wivine!" Madame Deborah alikuwa na sauti ya furaha, na hiyo ndiyo ilimpa matumaini. "Nilitaka kukupigia mimi mwenyewe. Hongera kwa kuwa chef!"

"Madame, ninapiga juu ya ile kazi. Ninakubali. Minakuya."

Upande ule ukasikika mlio wa gari likirudi nyuma.

"Mama, lakini baba yako alitupigia Jumamosi."

Wivine hakuelewa. "Baba yangu?"

"Ndiyo. Aliongea muzuri sana, kwa heshima. Alisema watoto wa nyumba yake wanafanya mambo kwa mupango, na familia imekaa, imeamua ubakie. Akatuomba msamaha kwa niaba yako. Sisi tukasema huyu ni mzazi wa kweli, siku hizi hawako wengi. Basi tulimupa mwengine nafasi. Anaanza leo, yuko hapa mbele yangu."

Baba yangu yuko kaburini, Wivine alitaka kusema. Baba yangu alifanya kazi kwenye reli hadi mapafu yakaisha, na siku niliyomwambia nakwenda kusoma Lubumbashi alinibebea sanduku hadi kituo, akashika dirisha la behewa mpaka treni ilipomnyang'anya. Maneno yote yalikuwa pale, nyuma ya meno. Kupitia kioo alimwona Papa Kataliko anaingia, anasalimia watu mmoja mmoja kwa mkono, anauliza habari ya mtoto wa Hénoc na kucheka, halafu anainua macho kumtafuta, uso umejaa fahari, na anampungia.

"Haloo? Wivine? Ni baba yako, siyo?"

Aliinua mkono, naye akapunga. "Ndiyo, Madame," alisema. "Ni baba."